Kutoka Skonzi hadi Keki ya Krimu

Kengele ya mlango ililia Jumatatu asubuhi, na Hillevi hakuwa akimtarajia mtu. Katika mji wa Hökeberga mtu hamgongei mwenzake mlango bila kupiga simu kwanza. Hata ndugu wa tumbo moja hupeana miadi. Kwa hiyo alidhani ni mtu wa kusoma mita ya umeme, akaenda kufungua akiwa na soksi mguu mmoja.

Mlangoni alisimama mzee mrefu, mwembamba, amevaa viatu vya mpira vya kijani. Kofia alikuwa ameishika mkononi. Kwenye ncha ya pua yake palikuwa na unga.

"Wewe ndiye Hillevi wa tovuti?"

"Tovuti ipi, mzee?"

"Kwani unazo ngapi? Ile ya akina mama waokaji. Chini kabisa kuna maandishi madogo kama sisimizi: Imetengenezwa na Hillevi Rask. Nikauliza maktaba unakaa wapi. Walikataa kuniambia, wakasema ni siri ya mtu. Nikauliza dukani."

"Ni mimi," Hillevi alikiri.

"Vizuri. Nimefika mwisho wa skonzi," mzee akasema, kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa ya ajali. "Sasa nipite wapi?"

Inafaa kusema hapa kwamba Hillevi alikuwa amelingojea swali kama hilo tangu alipohitimu masika ile. Alikuwa na miaka ishirini na minne, hana kazi, ila ana imani. Aliamini kwamba tovuti nzuri haimwachi mtu njiani. Alikuwa ameandika tasnifu ya kurasa themanini kuhusu jambo hilo, akaitetea mbele ya maprofesa watatu, mmoja wao akisinzia. Kisha, kwa kuwa hakuna aliyemwajiri, akawatengenezea blogu bure akina mama wa Chama cha Waokaji: mapishi mia mbili na kumi na manne, yamegawanywa katika kategoria. Kila jioni alitazama takwimu za wasomaji kama mkulima anavyotazama mawingu. Sasa msomaji mmoja, mwenye mwili na damu, amesimama kizingitini kwake, naye mwenyewe ana soksi moja.

"Ingia, mzee. Utakunywa kahawa?"

"Ah, usijisumbue."

"Si usumbufu."

"Hapana, hapana, nakaa dakika mbili tu."

"Ipo tayari jikoni."

"Basi, kama ipo tayari," mzee akasema, akavua viatu. Kahawa hukataliwa mara mbili na kukubaliwa mara ya tatu; hapo wote wawili walijua kwamba wamepata mtu mwenye adabu.

Jina lake lilikuwa Torgny. Kwa miaka thelathini na minane alikuwa mlinzi wa malango ya mfereji, pale boti zinapopandishwa ngazi kwa ngazi kutoka ziwani. Alitoa kishikwambi ndani ya mfuko wa mkate wa nailoni, akakisimamisha mezani kwa kukiegemeza kwenye bakuli la sukari.

"Tazama. Mimi nakanda unga. Mikono yote miwili imo ndani, hadi hapa." Akaonyesha viwiko. "Nataka kusoma pishi lifuatalo. Natumia nini?"

"Sijui. Unatumia nini?"

Mzee Torgny akainama, akaupandisha ukurasa kwa pua.

Alifanya hivyo kwa ustadi, bila aibu, kama kuku anayedonoa mtama. Skonzi za mdalasini zikapita, za iliki zikapita, za zafarani zikapita, hadi ukurasa ukaishia kwenye weupe mtupu.

"Hapa," akasema. "Nimekwama. Nikitaka kategoria ya keki laini, sharti nirudi juu kabisa kwenye ile menyu yako nyembamba. Jana nilirudisha skonzi thelathini na moja kwa pua. Nilipofika juu, shingo ikagoma kushuka."

Hillevi akacheka, kisha akaona haya kwa kucheka. "Si ungenawa mikono?"

"Binti, hamira haimngoji mtu anawe." Akanywa kahawa. "Nikueleze kitu. Boti ikimaliza lango la kwanza, lango la pili liko mbele yake, na la kwanza liko nyuma yake. Basi. Sijawahi kumwambia nahodha, rudi ziwani uanze upya kisha uchague lango kwenye orodha. Angenitupa majini, na ningemwelewa."

Kurasa themanini za tasnifu zilimpita Hillevi kichwani, na hakuna hata moja iliyosema jambo hilo vizuri hivyo.

"Nitaweka vitufe viwili mwisho wa kila kategoria," akasema. "Iliyotangulia na Inayofuata. Vikubwa."

"Vikubwa kiasi gani?"

"Kiasi cha pua."

Mzee akaridhika. Lakini hakuinuka. Alizungusha kikombe mara tatu kwenye kisahani, na Hillevi, ambaye hakuwa mjinga, akamjazia tena na kungoja.

"Mke wangu ni Alfhild," Mzee Torgny akasema hatimaye. "Labda umemsikia."

Nani asiyemsikia? Kwa miaka arobaini Alfhild ndiye aliyekuwa akiandaa meza za kahawa za mji mzima, ubatizo hadi mazishi. Ndiye aliyemwambia mke wa kasisi, mbele ya kasisi, kwamba keki yake ingefaa kuziba ufa kwenye lango la mfereji. Majira ya baridi yaliyopita alipata kiharusi. Mkono wa kulia ulilala, na maneno karibu yote yakaondoka; yaliyobaki aliyatumia kwa ubahili mkubwa.

"Jumamosi anatimiza miaka sabini na mitano," mzee akaendelea. "Nimemwahidi meza kamili ya kahawa, yenye vitafunio vya kila aina. Amemwandalia kila mtu, yeye hajaandaliwa na mtu hata siku moja, maana wote wanamwogopa. Mimi pia namwogopa, lakini nimeshazoea. Naoka kwa siri kwenye kibanda changu cha zamani kule mferejini. Nyumbani nasema naenda kutengeneza injini."

"Na anakuamini?"

"Narudi nikinukia iliki. Sijui ni injini gani anadhani ninayo." Akashusha sauti. "Shida si kuoka. Shida ni mgeni. Hataki wale akina mama wa chama wamwone akidondosha kikombe. Na yeye husema meza bila mgeni si meza, ni stoo. Nataka mgeni mmoja ambaye hajawahi kula kwake, asiye na cha kulinganisha. Jumamosi, saa tisa alasiri."

"Nitakuja," Hillevi akasema kabla hajafikiri.

"Utakula kila aina?"

"Kila aina."

"Kwa mpangilio?"

"Kwa mpangilio."

Wakapeana mikono. Mkono wa Hillevi ulibaki na unga.

*

Vitufe vilimchukua siku nzima. Si kwamba ni kazi ngumu, ila Hillevi alikuwa mtu wa kujali. Alitaka kila kitufe kitaje jina la kule kinakompeleka mtu, maana kubonyeza bila kujua unakokwenda ni kamari. Alitaka kategoria ya kwanza isiwe na kitufe cha kurudi nyuma, na ya mwisho isiwe na cha kwenda mbele, asije mtu akajigonga ukutani. Akavipaka rangi ya samawati. Kisha, kwa kuwa mtengenezaji mwaminifu hujaribu kazi yake kama mtumiaji atakavyoitumia, akaweka mikono nyuma na kuinamia skrini kwa pua. Mama wa nyumba ya pili, aliyekuwa akimwagilia maua dirishani, alimwona akifanya hivyo mara kumi na nne. Alivuta pazia taratibu, kwa heshima.

Jumanne jioni simu ililia.

"Pua yangu inakushukuru," sauti ya Mzee Torgny ikasema, na simu ikakatwa. Hillevi alilala akiwa na furaha ya mtu aliyejenga daraja.

Alhamisi asubuhi kengele ililia tena. Mzee alikuwa ameanza kuzoea kuja bila miadi. Safari hii alibeba boksi kwa mikono yote miwili, kama mtu aliyebeba ndege aliyejeruhiwa.

"Nimekuletea makosa yako," akasema.

Ndani kulikuwa na keki ya krimu, au kitu ambacho jana yake kilikuwa keki ya krimu. Ilikuwa imebonyea upande mmoja kama theluji ya Aprili, na stroberi zilikuwa zimeteleza hadi kwenye kona ya boksi, zikakusanyika huko kwa woga.

"Nilimaliza skonzi, nikaziweka kwenye friza. Nikabonyeza Inayofuata. Ikanipeleka kwenye keki za krimu. Nikaoka keki ya krimu. Jana."

"Lakini mzee!" Hillevi akashika kichwa. "Keki ya krimu huja mwisho! Skonzi, kisha... yaani, krimu ni mwisho! Mtoto wa chekechea anajua!"

"Mimi pia najua! Nimekaa kwenye meza za kahawa miaka hamsini!" Mzee Torgny akavuta kiti. "Lakini miaka hiyo yote nilikuwa upande wa kula. Nikadhani upande wa kuoka una mpangilio wake. Tovuti ya chama imesema inayofuata ni krimu. Mimi ni nani nibishe?"

Usimcheke. Hökeberga ina taa moja tu ya kuvukia barabara, na watu husimama mbele ya taa nyekundu hata kama gari la karibu liko mkoa wa pili. Kilichoandikwa kimeandikwa.

Hillevi akafungua programu yake, na hapo akaona. Kompyuta haikuwa imeambiwa lolote kuhusu mpangilio, kwa hiyo ilizipanga kategoria kwa siku ya kuzaliwa, ile iliyoundwa mwanzo ikiwa mbele. Skonzi ziliundwa kwanza kwa majaribio. Ya pili aliiunda Mama Sigbritt, mwenyekiti wa chama, ambaye keki yake ya krimu ilipata utepe kwenye maonyesho ya wilaya, naye hakuona kwa nini mwenyekiti asubiri foleni. Vitufe vilifanya kazi barabara. Viliongoza watu sehemu isiyo yao, bila kukosea hata mara moja.

"Imepanga kwa umri," Hillevi akasema, uso umemwiva.

"Kwa umri mimi ningekuwa wa kwanza kuliwa," mzee akajibu. "Lete vijiko."

Wakaila keki ile kutoka ndani ya boksi, wakisaka stroberi pembeni. Ilikuwa tamu sana, na hilo lilimwumiza Hillevi zaidi.

"Zimebaki siku mbili," mzee akasema. "Keki laini, biskuti aina saba, na krimu nyingine. Mimi ni mtu wa malango, binti. Nionyeshe lango lifuatalo, nitalipita. Lakini lisiniongopee tena."

"Leo kabla ya saa sita mchana litakuwa sawa," Hillevi akasema. "Nakuahidi."

Alipoondoka, Hillevi alimpigia Mama Sigbritt, maana blogu ni ya chama, naye alilelewa kuheshimu vyama.

"Mpangilio?" Mama Sigbritt akasema, na sauti yake ikapoa papo hapo. "Hilo ni suala la kamati, mwanangu."

"Si skonzi kwanza na krimu mwisho, mama?"

"Hapo hakuna ubishi. Ubishi uko katikati. Gunborg anasema keki laini hutangulia biskuti. Sisi wengine tunajua kwamba biskuti hutangulia. Walisusiana watu miaka minne hapa kwa ajili ya jambo hilo. Kanisani walikaa pande mbili."

"Kamati inakutana lini?"

"Septemba. Sasa ni Julai, wote wako kwenye vibanda vyao vya mashambani. Usiguse kitu, mwanangu. Ukipanga, umechagua upande. Na jina lako pale chini ya ukurasa, ni dogo sana. Kulifuta hakuchukui muda."

Ilikuwa saa nne na nusu. Hillevi alikaa akizitazama kategoria zake. Kumwuliza Alfhild kungeharibu siri. Kungoja Septemba kungekuwa kichekesho. Akampigia Mzee Torgny kibandani.

"Mzee, wewe umekula kwenye meza ya Alfhild miaka hamsini. Baada ya skonzi, mkono wako ulikwenda wapi?"

"Kwenye biskuti," akajibu bila kusita. "Nikapigwa kijiko. Keki laini kwanza, biskuti baadaye. Nimepigwa mara mbili, mwaka wa harusi na mwaka tulipozika mama yangu. Ninayo alama."

Kwa hiyo Hillevi aliiondoa ile njia nzuri aliyoiandika, iliyokuwa ikijipanga yenyewe, akaipa kila kategoria namba kwa mkono, moja baada ya nyingine, kama mtu anayepanga wageni kwenye viti. Saa sita kasoro dakika kumi ilikuwa hewani. Kisha akamwandikia Mama Sigbritt ukweli wote: amefanya nini, kwa nini, na kwamba kamati ikiamua vingine Septemba, namba zinabadilishwa kwa dakika moja.

Jibu lilikuja na neno moja: Nimeona.

Wasioishi kwetu wanaweza kudhani hakuna ubaya hapo. Katika nchi hii neno hilo moja, bila salamu na bila jina, ni sawa na kutupiwa sahani.

*

Ijumaa asubuhi ilikuja barua pepe kutoka jiji la Gotenburg.

Kongamano la watengenezaji wa tovuti lilikuwa likifanyika huko wikendi ile. Hillevi aliomba kuzungumza tangu Februari, akawekwa kwenye orodha ya akiba, akasahau. Sasa msemaji mmoja ameugua. Je, Hillevi Rask anaweza kuja na mada yake ya dakika kumi na tano, mbele ya watu mia nne, wakiwemo wenye kampuni ambazo amekuwa akiziandikia barua za kuomba kazi? Mada iliitwa "Mtumiaji Kwanza". Ratiba: Jumamosi, saa tisa alasiri.

Aliruka juu. Aliruka kweli, soksi mbili safari hii. Alicheza kuizunguka meza, akafika kwenye boksi la keki lililokuwa bado juu ya kiti, likiwa na stroberi moja kavu pembeni, akasimama.

Saa tisa.

Alifanya ambacho wewe na mimi tungefanya: akatafuta njia ya kuwa mahali pawili. Treni ya kumfikisha huko ilikuwa ya saa sita. Siku ya kuzaliwa, akajiambia, si lazima isherehekewe siku yenyewe. Jumapili pia ni siku nzuri, na keki ya krimu ingekuwa mbichi vilevile. Mzee ataelewa. Akapiga simu.

"Subiri, nibonyeze kwa pua," sauti ikasema kwa mbali, kisha kwa karibu: "Haya. Ongea."

"Mzee Torgny, kuhusu kesho, nilikuwa nataka—"

"Amejua!" mzee akamkatiza. "Alfhild amejua kila kitu. Jana usiku nimevua koti, ikadondoka biskuti. Akaitazama, akanitazama. Akasema, 'Nani?'"

"Nani nini?"

"Nani anakuja! Binti, tangu Januari hajawahi kuuliza nani anakuja. Akiona mtu barabarani anazima taa. Nikamwambia ni fundi wa tovuti. Akaonyesha kabati. Anataka vile vikombe vyenye ukingo wa samawati. Havijatoka kabatini tangu alipougua." Sauti ya mzee ikateleza kidogo, akaikohoa irudi mahali pake. "Leo tangu alfajiri anafanya mazoezi. Anakijaza maji, anakiinua kwa mkono wa kushoto, anakishusha. Anakiinua, anakishusha. Amevunja kimoja tu. Kimoja! Havikuwa kumi na viwili hata hivyo, kimoja nilikivunja mimi mwaka wa sabini na tisa, na bado hajanisamehe, kwa hiyo sasa tuko sawa."

Hillevi akaitazama ile stroberi kavu.

"Haya, ulikuwa unataka nini?"

Nje, upande wa pili wa uwanja, mama wa dirishani alikuwa akimwagilia maua yake.

"Nilitaka kujua," Hillevi akasema, "nije na maua, au nisije nayo?"

"Njoo na tumbo," Mzee Torgny akasema, akakata simu kwa pua.

Hillevi aliisoma tena barua pepe ile. Kisha akaandika kwamba anashukuru sana, lakini saa tisa Jumamosi ana miadi na mtumiaji. Akafuta neno mtumiaji, akaandika mtu. Wale wa Gotenburg wakajibu upesi na kwa upole: pole, labda mwaka mwingine, nafasi amepewa kijana mwenye mada kuhusu programu inayojua mtumiaji anataka nini bila kumwuliza. Hillevi alilia kidogo. Kusema kweli, hakulia kidogo.

*

Jumamosi alifika mtaa wa Mzee Torgny saa tisa kasoro dakika nne. Kuwahi ni ukorofi kama kuchelewa, basi akasimama nyuma ya mti wa mbetula, maua mkononi, hadi saa ya kanisa ilipogonga. Katika dirisha la jikoni alimwona Mzee Torgny naye amesimama nyuma ya pazia, akiitazama saa hiyohiyo.

Alfhild alikuwa mwanamke mdogo wa umbo mwenye macho yasiyostaafu. Alimkagua mgeni kuanzia viatu, akafika kwenye nywele, akarudi kwenye viatu. Kisha akaonyesha kiti.

Meza ilikuwa kamili. Skonzi za mdalasini kwenye sinia, keki laini ya limau, biskuti aina saba zimepangwa kwenye sahani ya ngazi tatu, na mwisho wa meza, imesimama wima kama lango lililofungwa vizuri, keki ya krimu. Stroberi zote zilikuwa kazini.

Alfhild akashika birika kwa mkono wa kushoto. Birika likatetemeka. Mzee Torgny akainua macho akaanza kusoma dari, kana kwamba wameandika gazeti huko juu. Hillevi akamfuata kwenye dari hiyohiyo. Walisikia kahawa ikiingia kikombeni, ikisita, ikiingia tena. Waliposhusha macho, kikombe kilikuwa kimejaa, kisahani nacho kilikuwa na sehemu yake, na Alfhild alikuwa akiwatazama wote wawili kama watu waliokamatwa wakiiba.

"Dari," akasema, "safi?"

"Safi sana, mama," Hillevi akajibu.

Wakala skonzi. Zilikuwa nzuri, na mzee alikula yake akimchungulia mkewe kila tonge, na mkewe alitafuna polepole makusudi, kumtesa. Hatimaye akainamisha kichwa mara moja. Mzee Torgny akapumua kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu.

Hapo simu ya Hillevi ikatikisika mfukoni. Rafiki yake aliyekuwa Gotenburg alikuwa ametuma picha ya ukumbi: viti mia nne, taa, na jukwaani kijana mmoja amefungua mikono. Hillevi aliitazama picha ile kwa muda ambao si mrefu, lakini ulitosha kumtoa pale mezani. Akairudisha simu mfukoni, na kwa kuwa macho yake yalikuwa bado na ukungu, akanyoosha mkono kwenye sahani iliyokuwa karibu. Biskuti.

Kijiko kikamgonga kwenye kifundo cha kidole. Hakikumwumiza, ila hakikuacha shaka.

"Iliyotangulia," Alfhild akasema.

Mzee Torgny akaacha kutafuna.

Neno lile alilitamka lote, silabi baada ya silabi, bila kukosea. Kidole cha mkono wake wa kushoto kilikuwa kikielekeza kwenye keki ya limau.

"Hilo neno refu umelipata wapi, Alfhild?" mzee akauliza taratibu.

Alfhild akaonyesha kwa kidevu. Juu ya rafu ya jikoni kilisimama kishikwambi kwenye mfuko wake wa nailoni, na kioo chake, mwanga ulipokipiga, kilikuwa na alama za ncha ya pua zisizohesabika: kubwa, za mzee, na nyingine ndogo, nyembamba, zilizochongoka.

"Loo," Mzee Torgny akasema. "Na mimi nilidhani nakisafisha vibaya."

"Mapishi mabovu," Alfhild akasema, akitafuta maneno moja moja. "Ya Sigbritt." Akapumzika. "Vitufe... vizuri."

Hillevi alikuwa ametetea tasnifu mbele ya maprofesa watatu, na hakuna hata mmoja wao aliyempa alama kama hiyo. Akakata kipande cha keki laini, akakila chote. Kisha Alfhild akasukuma sahani ya ngazi tatu mbele yake.

"Inayofuata."

Biskuti ya kwanza ilikuwa ya jamu. Ya pili ya siagi. Ya tatu ilipasuka mdomoni kama majani makavu. Ya nne Hillevi aliilegezea mkanda. Ya tano aliimeza kwa kahawa, na Alfhild akammiminia nyingine, dari ikasomwa tena, ingawa safari hii kisahani kilipata kidogo. Ya sita ilikuwa na lozi. Ya saba ilikuwa imeungua ukingoni, nyeusi, na Mzee Torgny akanong'ona kwamba hiyo anaweza kuiruka, hakuna atakayejua.

"Nilisema kila aina," Hillevi akanong'ona naye, akaila.

Saa ya kanisa iligonga saa kumi. Huko Gotenburg watu mia nne walikuwa wameshainuka kwenda kunywa kahawa yao ya mashine, na kijana yule, bila shaka, alikuwa akipewa kadi za kampuni mkononi. Simu ilitikisika tena. Hillevi aliitoa, akaizima, akaiweka kwenye kiti kilicho tupu kando yake.

Alfhild alikuwa ameshashika kisu kwa mkono wa kushoto. Alikata kipande cha keki ya krimu, kipana kuliko haki, kikainama, kikayumba njia nzima kutoka sinia hadi sahani ya mgeni, kikatua kimesimama. Stroberi moja tu ilianguka, nayo mzee akaiokota kwa vidole, akaila haraka.

"Kila aina?" Mzee Torgny akauliza.

"Kila aina," Hillevi akasema, akachukua uma.